Nafundisha watu wazima wenye ulemavu kuchora, Moshi mjini. Tubadilishane ujuzi

MchoraMabango (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni mabango: majina ya maduka, kuta za saluni, maandishi ya ubavuni mwa magari. Jumamosi mchana naweka hayo pembeni, naenda ukumbi mmoja huku Majengo kufundisha kuchora. Wanafunzi ni watu wazima wenye ulemavu, na tuko mchanganyiko kweli kweli: waliopata kiharusi, wenye mtindio wa ubongo, viziwi, wenye uoni hafifu, wengine ulemavu wa akili. Mchango ni wa chai na rangi. Nafungua uzi kwa sababu watu wananifuata faragha kuuliza "unawafundishaje wale?" na jibu ni lile lile, basi niliandike mara moja.

La kwanza na kubwa kwangu: usiguse kazi ya mtu. Mstari umepinda? Acha upinde. Mkono wa fundi una tabia mbaya, ukiona kitu hakijanyooka unataka kukinyoosha, na sisi tuliozoea kupiga herufi kwa rula ndio tunawashwa zaidi. Lakini ukishagusa mara moja, mwenzio anakurudishia brashi: "Malizia tu mwalimu, wewe ndiye unajua." Wengi wao wameishi hivyo miaka yote, wanavalishwa, wanasemewa, wanaamuliwa wale nini. Akifika darasani na mwalimu naye akamchorea, basi kalipa nauli aje kutazama mtu mwingine akifanya kazi.

La pili, hawa ni watu wazima. Wafadhili wadogo wadogo, Mungu awabariki, hutuletea vitabu vya kupaka rangi vyenye sungura na maputo. Nina mwanafunzi, mzee, aliendesha malori ya masafa marefu mpaka kiharusi kilipomkuta. Huyo nimpe sungura? Anachora mteremko wa Kitonga, kona kwa kona, lori limeegeshwa, utingo kakaa juu ya jiwe anakula mua. Kuna mama anachora jezi ya Simba kila wiki na hataki kusikia habari ya kitu kingine. Sawa. Na sauti ile ya kusema na watoto, "ooh, umechora vizuuuri", iacheni mlangoni. Mtu mzima mwambie: hapa rangi imekuwa nzito, ulitaka iwe hivyo? Akisema ndiyo, imeisha.

Vifaa sasa, maana watu wanadhani lazima uagize Ulaya.

Rangi: nanunua rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, naigawa kwenye makopo na kutia tinta za kuchanganyia. Inakauka haraka, brashi inaoshwa kwa maji. Najua Edward Saidi Tingatinga alipoanza kule Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi, na mpaka leo ndiyo inayong'aa kwenye maduka ya watalii. Ila harufu ya tina ya kuzimulia rangi hiyo ndani ya ukumbi, na una watu wa pumu, hapana.

Mpini: brashi nyembamba haishikiki kwa mkono uliokakamaa wala ule usio na nguvu. Kata tyubu ya baiskeli vipande, zungushia mpini mpaka unenepe kama mhindi. Kipande cha sponji la godoro nacho kinafaa, unakitoboa katikati unapitisha brashi. Asiyekunja vidole kabisa, tunashona mkanda wa kitambaa unaozunguka kiganja, una kijaruba cha kuchomekea brashi. Wapo wanaoshika kwa meno, hao wafungie brashi ndefu na kila mmoja awe na yake, isichanganywe.

Karatasi ibandikwe mezani pembe zote nne kwa selotepu ya karatasi. Anayetumia mkono mmoja hana mkono wa pili wa kushikilia, ni jambo dogo lakini linasahaulika mno. Chini ya ubao weka kipande cha tyubu ya gari, hautelezi.

Mihuri: soli za kandambili zilizokwisha. Zinachongeka kwa wembe, zinashika rangi vizuri, na ukizibandika kwenye kipande kinene cha mti hata mwenye mkono unaotetemeka anagonga bila shida.

Na kwa sisi wa Moshi, magome makavu ya migomba ni hazina tunayokanyaga. Yana rangi kuanzia majani makavu mpaka kahawia ya kuungua, yote bila senti. Unachana, unapanga, unabandika kwa gundi. Asiyeona anajua kwa vidole lipi laini na lipi la mistari.

Karibuni. Wenye uzoefu wa Arusha pia nawasubiri.

---

KijiweChaPasua

Mkuu hongera, sina nia mbaya, ila niulize. Hawa ndugu zetu wana shida ya ajira na mtaji. Kuchora jezi ya Simba kutamsaidia nini? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Tembea ofisi za mji huu uhesabu. Hapo ndipo pa kupigia kelele.

---

MchoraMabango

@KijiweChaPasua tupige kelele, nitabeba bango na nitalichora bure. Ila mangi, mbona wazee wanaocheza bao hapo kijiweni kwenu hamwaulizi linawasaidia nini?

---

KijiweChaPasua

😂 Hapo umenishika. Endelea.

---

MamaKijana

Habari zenu wanangu. Mimi siandikagi humu, nasoma tu. Nina kijana wangu, mtu mzima sasa, ana mtindio wa ubongo. Mikono haimtii, hasemi. Anaelewa kila kitu, hilo nalijua mimi mama yake, ingawa wageni wakija wananiuliza mimi kama ameshakula na yeye yupo pale pale. Sasa mwalimu unasema usiguse kazi ya mtu. Kwa mwanangu maana yake akae tu? Usipomshikia, hakuna picha. Ukimshikia, ni yako.

---

MchoraMabango

Shikamoo mama. Umeuliza lile gumu kuliko yote, na "usiguse" yangu kama nilivyoiandika haitoshi kulijibu.

Kuna mchoraji wa Ufaransa, Henri Matisse. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, na miaka iliyofuata muda mwingi alikuwa kitandani au kwenye kiti mwendo. Kusimama mbele ya turubai hawezi tena. Wasaidizi wake wakawa wanapaka karatasi rangi anazotaka, yeye anakata maumbo kwa mkasi, wao wanayapachika ukutani kwa pini na kuyasogeza, juu kidogo, kushoto, mpaka aseme hapo hapo. Picha hizo zimo kwenye makumbusho makubwa na jina lililoandikwa ni lake. Mikono ya watu wengine ilitumika tele. Uamuzi ulibaki wake siku zote.

Kwa hiyo darasani kwetu mkono unaazimwa, uamuzi hauazimwi. Kwa mtu kama kijana wako tunafanya hivi. Kwanza tunakubaliana alama yake ya "ndiyo", mara nyingi ni macho kutazama juu, na ya "hapana". Kisha makopo mawili ya rangi, moja kulia moja kushoto, mbali mbali, anatazama analotaka. Kila mara nauliza pia: au hutaki yote mawili? Hiyo ya tatu ni muhimu, bila hiyo unamlazimisha achague kati ya vitu vyako wewe. Halafu brashi naishika mimi, naisogeza polepole juu ya karatasi, akifumba macho nasimama. Kutoka hapa kwenda wapi? Juu? Chini? Nasimama tena.

Ni taratibu mno. Picha moja inaweza kula majuma. Na kuna kishawishi cha kumalizia swali badala yake: "bluu, eeh? Unapenda bluu?" Hapo umeshamchagulia. Uliza, nyamaza, na unyamaze zaidi ya unavyodhani inatosha, kwa sababu mwili wa mtindio wa ubongo unahitaji muda kulitoa jibu ambalo kichwani lilishapatikana zamani.

Niombe radhi mapema kwa hili mama: ukija naye, utakaa meza nyingine. Walezi ndio wanaojibu haraka kuliko sisi wote.

---

MamaKijana

Marahaba mwanangu. Hilo la meza nyingine limeniuma na ni kweli. Nyumbani ndiye anayeamua tutazame nini kwenye runinga, nikiweka taarifa ya habari ananuna mpaka nibadilishe. Kwa hiyo kuamua anajua. Ukumbi una ngazi?

---

MchoraMabango

Zipo mbili, na mtaro mbele yake. Tuna ubao wa mteremko. Kwa anayetaka kutengeneza kwingine: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu mbili zina kimo cha sentimita 30, kwa hiyo ubao ni wa mita 3.6. Mafundi wanapenda kuukata mfupi wakisema "si watasukuma tu". Ukiwa mfupi, kiti mwendo kinarudi nyuma na aliyekikalia.

---

TibaKwaVitendo

Nimeufurahia uzi huu. Nafanya kazi ya kurejesha uwezo wa wagonjwa wa kiharusi, naongeza machache.

Kabla ya brashi tazama miguu. Mtu ambaye nyayo zake zinaning'inia hawezi kutuliza mkono, mwili wote unahangaika kutafuta mizani. Weka hata tofali la mbao chini ya nyayo. Meza iwe usawa wa kiwiko, na kwa wa kiti mwendo nafasi ya magoti chini ya meza isipungue kama sentimita 70, la sivyo anakaa mbali anajikunja.

Waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, baadhi yao hupoteza habari za upande wa kushoto. Macho mazima, lakini ubongo hauuhesabu upande huo. Utaona anachora nusu ya karatasi ya kulia tu, na nusu ya uso. Msimcheke wala msidhani ni mtindo. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa karatasi, mwambie atafute utepe kabla ya kuanza kila mstari. Mwanzoni rangi zikae upande anaouona, baadaye zisogezwe kidogo kidogo.

Uchovu ni wa kweli. Chai katikati isirukwe.

Halafu mko Moshi, mna bahati ambayo mikoa mingi haina. Chuo cha TATCOT hapo hospitali ya KCMC kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Mkiwa na mtu mwenye tatizo la kiti au kifaa cha mkono, msiishie kwenye tyubu za baiskeli.

---

MchoraMabango

Yule mzee wa malori! Kila picha yake barabara iko kulia na kushoto ni karatasi tupu. Nilimuuliza, akasema "huko hakuna kitu". Utepe Jumamosi hii hii.

---

Ngarenaro_Kimya

Mimi ni kiziwi, niko Arusha. Niliwahi kujiunga na darasa la kuchora nikaacha. Sababu nazisema ili wengine wasirudie.

Mwalimu anachora ubaoni ametupa mgongo na huku anaongea. Sisi tunaona mgongo. Au anaeleza wakati tumeinamia karatasi. Kiziwi ana macho mawili tu na yote yako kwenye brashi. Simamisha kazi, tupungie mkono au zima na washa taa, subiri macho yote yainuke, onyesha, kisha nyamaza tufanye. Usichanganye.

Usisimame na dirisha nyuma yako, uso unakuwa mweusi hatuoni mdomo wala alama. Meza zikae nusu duara, tuonane sisi kwa sisi, maana nusu ya utamu wa darasa ni umbea.

Mkalimani walimwita siku ya kwanza tu, siku waliyokuja wenye kamera. Tafuteni kupitia CHAVITA, chama cha viziwi. Na mwalimu mwenyewe ajifunze alama za rangi, za "subiri", "tazama" na "wewe unaonaje". Hiyo ya mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza pale.

---

MchoraMabango

Hiyo ya dirisha naichukua. Ukumbi wetu madirisha yako nyuma ya ninaposimama.

---

BintiRau

Msigeuze kila kitu dirishani jamani 😅 Mimi nina ualbino. Mwanga ukinijia usoni sioni kitu, natoa machozi. Sisi tukae mgongo kwa dirisha, au pembeni. Karatasi isiwe ya kung'aa. Mistari ya kuanzia iwe minene, kalamu nyeusi, siyo penseli. Mie nachora nimeinamisha uso karibu kugusa meza, walimu wote wa shule ya msingi walinipigia kelele "kaa wima". Bora mniinulie ubao juu ya matofali uje usoni kwangu.

Mkitoka kuchora nje, asubuhi mapema mlima ukiwa wazi, muwe na kofia za ukingo mpana na losheni. Kilisun inatengenezwa hapo hapo KCMC kwa ajili yetu.

---

DadaWaTengeru

Samahani naingilia. Mdogo wangu ana sindromu ya Down. Nilimpeleka sehemu wakampa penseli, akatupa. Wakampa rangi, akatupa. Wakaniambia "huyu hana kipaji". Nyumbani anachana magazeti siku nzima na kuyasokota.

---

MchoraMabango

Dada, soma habari za msanii Judith Scott. Mmarekani, alizaliwa 1943, alikuwa na sindromu ya Down na kiziwi, na uziwi wenyewe haukugunduliwa kwa miaka mingi. Alifungiwa kwenye taasisi miaka 35 mpaka pacha wake alipomtoa. Mwaka 1987 akampeleka Creative Growth huko Oakland, California, karakana ya sanaa ya watu wazima wenye ulemavu iliyoanzishwa 1974. Karibu miaka miwili hakuna kilichomvutia, penseli na rangi hakuzijali. Siku alipoingia kwenye darasa la nyuzi akaanza kuzungushia nyuzi na vitambaa juu ya vitu alivyookota, akaendelea hivyo mpaka alipofariki 2005. Brooklyn Museum walimfanyia maonyesho yake peke yake 2014.

Ninachokipenda pale ni kwamba walimwacha akae miaka miwili bila "kuzalisha". Sisi wiki ya tatu tungeshamrudisha nyumbani.

Mdogo wako anasokota magazeti? Mpe uji wa unga wa ngano uwe gundi, na magazeti zaidi, uone.

---

FireRoadCurio

Wa Arusha nimefika. Nauza picha kwa watalii miaka mingi. Nawapa siri ya soko bure: mtalii hanunui picha, ananunua hadithi. Piga picha ya mchoraji kwenye kiti chake, andika kikadi "imechorwa na mlemavu", bandika nyuma. Bei inapanda papo hapo.

---

BintiRau

Hapana. Hapana kabisa.

---

MchoraMabango

@FireRoadCurio nakuheshimu kaka, ila hiyo ni kuuza huruma. Hapo Arusha kwenu kuna karakana iitwayo Shanga, wameanza 2007, wafanyakazi wenye ulemavu wanayeyusha chupa kuukuu wanapuliza vioo, wanasuka, wanatunga ushanga. Glasi zile zinanunuliwa kwa sababu ni nzuri. Ukiiweka mezani haisemi habari ya mguu wa mtu.

---

Ngarenaro_Kimya

Shanga nao mgeni anajua anapoingia kwamba wafanyakazi wana ulemavu. Si siri. Tofauti ni kazi imefanywa vizuri na watu wanalipwa mshahara.

---

MchoraMabango

Kweli.

Sasa niwaambie kilichotokea nilipoupeleka mjadala huu darasani. Nilikwenda nikiwa na hakika wote watasema kama BintiRau. Mzee wa malori akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kama Mzungu anataka kuongeza dola kwa ajili ya mguu wangu, mguu ni wangu na dola ni yangu. Wewe unakataa kwa niaba ya nani?" Mama wa jezi akamrukia, yeye hataki hata jina lake liandikwe, picha ijiuze. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kijana mmoja anayeandika kwa mguu akasema kikadi anakitaka, ila atakiandika mwenyewe na hatataja ulemavu, atataja kwamba hajaoa.

Basi ndivyo ilivyo. Kila mtu kikadi chake, au bila kikadi. Bei anapanga mwenye kazi, hata akipanga bei ambayo hakuna atakayeinunua. Kamera hazifunguliwi mpaka kila aliye ndani aulizwe yeye, siyo mlezi wake. Sipendi kile kikadi cha mzee, nawaambia wazi, na kila nikikiona nageuka upande wa pili.

---

FireRoadCurio

Mzee nimemkubali. Mwambie namtunzia ukuta.

---

KijiweChaPasua

Narudi na langu la mtaji. Mkishaanza kuuza mnaweza kuwa kikundi. Ule mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo 2 ndiyo fungu lenu. Muwe na katiba na akaunti ya kikundi, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na kwa maonyesho, afisa utamaduni wa manispaa na BASATA, baraza la sanaa la taifa. Mkopo unarudishwa lakini, msiukope kwa ajili ya brashi. Kopeni mkiwa na pa kuuza.

---

MchoraMabango

Nilijua tu wewe ni mtu wetu. Katiba utatusaidia kuandika?

---

KijiweChaPasua

Nitakuja. Halafu nimebomoa dari la nyumba ya urithi, nina vipande vingi vya silingibodi. Mnavihitaji?

---

MchoraMabango

Tunavihitaji sana, vya hadibodi na plaiwudi lete hata vile vya ukubwa wa sahani. Ila kama ni zile bodi za kijivu, ngumu kama saruji, za nyumba za zamani, usizikate wala usizivunje zaidi, zinaweza kuwa na asbestosi. Hizo ziache hapo hapo zilipo, zilowanishe vumbi lisiruke, umuulize afisa afya wa kata kabla hujazigusa tena.

---

MamaKijana

Na mimi jamani, ni saa ngapi?

---

MchoraMabango

Saa nane mchana mama. Dereva wa bajaji akushushe upande wa nyuma, huko hakuna mtaro.